KICHEKO BILA UTANI: WATU WA MERU KATIKA SINEMA YA "HATARI!"

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiambiwa ahakiki sinema ya Hollywood, swali lake la kwanza huwa: hiyo nayo ni fasihi? Jibu langu ni ndiyo. Sinema ina wahusika, mandhari, migogoro, dhamira na msimamo, yaani yaleyale tunayoyasaka ndani ya riwaya na tamthiliya. Tena inawafikia watu wengi kuliko vitabu vyetu. Mtu ambaye hajawahi kufungua tamthiliya hata moja atakusimulia picha nzima, tangu stelingi anapoingia mpaka adui anapopigwa.

Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi ramsa ya muziki ya Hollywood, au komedi ya muziki kama wengi tunavyosema, ilivyowasawiri watu wa Afrika Mashariki. Mfano wangu mkuu ni "Hatari!", picha iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962. Sababu za kuichagua ni mbili. Kwanza, ilipigwa hapa kwetu. Mimi ninaishi Sekei, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na Momella, ambako sehemu kubwa ya picha ile inatokea, iko upande wa mashariki wa mlima huohuo. Pili, jina lake ni neno letu, lakini waliopewa nafasi ya kusema ndani yake si sisi.

Wapenzi wa uainishaji watanipinga mapema. Watasema "Hatari!" si ramsa ya muziki kamili, maana hakuna mhusika anayekatisha mazungumzo na kuanza kuimba huku okestra isiyoonekana ikimpigia. Ni kweli. Ni ramsa ya mapenzi na ya kukamata wanyama, yenye muziki mwingi. Lakini utaratibu wake umeurithi palepale: kikundi cha watu wanaoishi pamoja kama wasanii wa jukwaani, kila mmoja na kituko chake, jioni piano, na mwisho harusi. Kwa hiyo nitaanza kwa kifupi na ramsa ya muziki yenyewe, kisha nitakuja Momella.

Utani kama kipimo

Kabla ya kuhakiki kicheko lazima tuwe na kipimo cha kicheko. Vitabu vya nadharia vitatupeleka kwa Aristotle, na si vibaya. Lakini sisi tuna kipimo chetu cha nyumbani, nacho ni utani.

Mpare na Mchaga ni watani. Wahehe na Wangoni vilevile. Mtani atakuja hata msibani, wakati wenyewe mnalia, akaanza vituko vyake: ati marehemu alikuwa bahili, ati jeneza ni zuri kuliko nyumba aliyoishi. Na hapana mtu wa kukasirika. Kwa nini? Kwa sababu kesho msiba utakuwa kwake, na zamu itakuwa yako. Utani una sheria zake, na sheria kubwa ni hii: anayechekwa ana haki ya kujibu. Ukimwondolea mwenzako haki ya kujibu, huo si utani tena. Ni kejeli, na wakati mwingine ni matusi.

Basi nachukua sheria hiyo na kuiweka mbele ya sinema. Siulizi tu kama picha inachekesha. Nauliza: nani anachekwa, na je, anayo zamu ya kujibu?

Zanzibar iliyojengwa studio

Mwaka 1941 kampuni ya Paramount ilitoa "Road to Zanzibar", ramsa ya muziki iliyoongozwa na Victor Schertzinger. Nyota wake walikuwa Bing Crosby, Bob Hope na Dorothy Lamour. Ilikuwa ya pili katika mfululizo wa picha za "Road to", baada ya ile ya Singapore ya mwaka 1940. Crosby na Hope ni matapeli wawili wa maonyesho ya sarakasi wanaotangatanga Afrika. Wanakutana na wanawake wawili, matapeli zaidi yao, ambao mbinu yao ni kuigiza mnada wa watumwa: mmoja anajifanya anauzwa, mwenzake anawalilia wanaume wenye huruma wamnunue.

Tusiwe wanafiki, picha ile inachekesha. Inaicheka hata Hollywood yenyewe. Kuna mahali Crosby na Lamour wako ndani ya mtumbwi, wanajadili jinsi katika sinema muziki unavyotoka hewani watu wakianza kupendana. Na kweli, mkono ukigusa maji, kinubi kinalia. Huo ni utani wa haki kabisa, maana Hollywood inachekwa na Hollywood.

Lakini rudi kwenye ule mnada. Zanzibar kulikuwa na soko la watumwa la kweli. Lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Sultani Barghash, na pale Mkunazini lilipokuwa likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Waliouzwa pale walikuwa watu waliotolewa bara. Katika picha, mtumwa pekee mwenye jina na machozi ni mwanamke Mzungu, na machozi yenyewe ni ya uongo. Msiba wa watu wengine umefanywa mbinu ya kitapeli, na wenye msiba hawamo kwenye mazungumzo. Wao wamepewa kazi nyingine: kubeba mizigo, kupiga ngoma, na kuwa wala watu wanaotaka kumpiganisha Bob Hope na sokwe mkubwa.

Hapa zamu ya kujibu haipo. Anayejibu lazima awe na maneno, na watu hawa wamepewa kelele tu. Ndugu msomaji anaweza kusema: ilikuwa studio ya California, watu wale hawajawahi kuona Zanzibar, utawadai nini? Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana inafaa kuuliza nini kilitokea Hollywood ilipofunga safari ikaja yenyewe.

Hollywood yaja Momella

Hawks na watu wake walipiga picha Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 hadi miezi ya mwanzo ya 1961. Muswada uliandikwa na Leigh Brackett kutokana na hadithi ya Harry Kurnitz. John Wayne ni Sean Mercer, kiongozi wa kikundi cha wakamataji wanyama wanaouza twiga, vifaru na wengineo kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Elsa Martinelli ni Dallas, mpiga picha Mwitaliano aliyetumwa na bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wamo pia Hardy Krüger, Mjerumani. Gérard Blain, Mfaransa. Red Buttons, dereva mwoga aitwaye Pockets. Na Michèle Girardon, anayeigiza Brandy, binti mwenye shamba.

Lazima niseme ukweli kuhusu fani: mbio za kukamata wanyama ni za ajabu. Waigizaji wenyewe wamo ndani ya magari, vumbi ni la kweli, na kifaru anayepiga ubavu wa gari si wa plastiki. Russell Harlan aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wake, na alistahili. Mtu wa Arusha akiangalia anatambua milima, anatambua mwanga wa jua la saa kumi, na mwishoni anaona tembo wachanga wakimfukuzia Dallas katika mitaa ya mji wetu.

Kwa upande wa vichekesho pia kuna mambo ya kusifu. Wayne, ambaye katika picha nyingine ni dume la kuogopwa, hapa ni mshamba wa mapenzi. Anamkamata kifaru, lakini mbele ya Dallas ulimi unamkauka. Pockets anawaogopa wanyama, lakini ndiye anayebuni roketi ya kurusha wavu juu ya mti mzima wa tumbili. Brandy ni msichana, na ndiye mwenye mali. Wazungu hawa wanachekana, wanajibizana, na kila mmoja anapata zamu yake. Kwa maneno mengine, wao kwa wao wana utani.

Damu ya nani?

Dhamira kubwa ya picha inawekwa wazi mapema. Mmoja wa kikundi, anayeitwa Mhindi kwa maana ya Mhindi Mwekundu wa Marekani, anajeruhiwa vibaya na kifaru na kukimbizwa hospitali Arusha. Anahitaji damu ya kundi adimu. Mfaransa kijana amefika kuomba kazi ya majeruhi hata kabla hajapona. Mjerumani anakasirika, ngumi inatembea. Kumbe Mfaransa huyo ndiye mwenye damu inayotakiwa. Anaitoa, anaingia kikundini, na mwisho yeye na Mjerumani wanakuwa marafiki.

Tukumbuke mwaka. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka 15 tu nyuma. Mjerumani na Mfaransa kupatanishwa kwa damu, chini ya uongozi wa Mmarekani, na Mwitaliano akaja kuolewa: huo ni ujumbe mzito uliofichwa ndani ya kichekesho. Momella imekuwa Umoja wa Mataifa mdogo.

Sasa tuhesabu wanachama. Mmarekani yumo. Mjerumani, Mfaransa, Mwitaliano na Mmeksiko wamo. Mhindi Mwekundu yumo, ingawa ameigizwa na Bruce Cabot, ambaye alikuwa Mzungu. Mtanganyika hayumo. Anaonekana kila siku: amepanda nyuma ya gari, anashika kamba, anafungua mabanda, anakamua mbuzi ili watoto wa tembo wapate maziwa. Anafanya kazi ileile ya hatari. Lakini hadithi haimpi mgogoro, haimpi mpenzi, haimpi kichekesho cha kusema. Kiswahili kinachosikika ni cha kuitana na kuagizana.

Na hayo yanatokea wakati gani? Septemba 1960 Julius Nyerere alikuwa tayari Waziri Kiongozi. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Picha ilipoonyeshwa mwaka 1962, nchi ile ya kikoloni iliyomo ndani yake haikuwapo tena. Hapo katikati, Septemba 1961, katika mji huuhuu wa Arusha, lilitolewa kwa jina la Nyerere tamko kuhusu wanyamapori, kwamba Watanganyika wataubeba wajibu wa kuwalinda. Kwa hiyo wenyeji walikuwa na la kusema kuhusu wanyama wale wale. Tatizo ni kwamba kamera haikuwauliza.

Ardhi iliyoonekana tupu

Chinua Achebe, katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1975, alimlaumu Joseph Conrad kwa kuifanya Afrika kuwa mandhari tu, mahali ambapo Mzungu anakuja kupatia tabu ya nafsi yake. "Hatari!" haina giza la Conrad. Ina jua, muziki na mapenzi. Lakini ukiangalia mandhari yake kwa makini utaona jambo moja: nyika ni pana, wanyama ni tele, na watu hawapo. Shamba la wahusika limekaa pale kana kwamba limeota lenyewe.

Ngarenanyuki iko jirani kabisa na Momella. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka eneo hilo ili litengwe kwa ufugaji wa Wazungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakukaa kimya. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, walipeleka malalamiko huko, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyaeleza mwenyewe. Yeye na mwanasheria wao, Earle Seaton, baadaye waliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kilichotoka mwaka 1967.

Sisemi kwamba Hawks alijua habari hizi akazificha. Sina haja ya kumfanya shetani. Ninachosema ni cha kiuhakiki: kicheko cha Momella kinahitaji ardhi isiyo na swali. Wahusika hawawezi kucheza, kupiga piano na kubishana nani amuoe Brandy kama mlangoni kuna mzee wa Kimeru anauliza zizi lake liko wapi. Ramsa ya aina hii hulifagia jukwaa kwanza, ndipo ianze. Na miaka tisa kabla ya kamera kufika, karibu na jukwaa hili, kulikuwa na watu walioondolewa kwa moto.

Muziki uliozunguka dunia

Muziki wa picha ulitungwa na Henry Mancini. Wimbo wa ala uliovuma zaidi ni ule wa matembezi ya tembo wachanga, "Baby Elephant Walk", uliompa tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki. Dallas anawapeleka watoto wake wa tembo majini, na nyuma yao muziki unadunda kwa mapigo ya bugi-wugi.

Bugi-wugi ni mtindo wa piano ulioanzishwa na Wamarekani weusi. Maana yake ni kwamba mapigo ya watu waliotoka Afrika yamevuka bahari, yamepita mikononi mwa watumwa na wajukuu wao, yameingia studio, halafu yamerudi Momella kuwachezesha tembo wetu. Mzunguko mzima huo umekamilika bila mtu mweusi hata mmoja kupewa sifa ndani ya hadithi. Hata hivyo siwezi kuuchukia wimbo ule. Unachekesha bila kumdharau mtu: anayetembea kwa mwendo wa kilevi ni tembo, naye hana neno.

Mama Tembo

Nimeacha kwa makusudi tukio moja mpaka mwisho, kwa sababu ndilo linalotugusa zaidi sisi wa Sekei. Dallas akishalea watoto watatu wa tembo, kabila linaloitwa katika picha "Warusha" linamfanyia sherehe. Anavishwa mavazi ya kienyeji, anapakwa rangi nyeusi, kuna ngoma, na anapewa jina: Mama Tembo.

Waarusha ni wenyeji wa miteremko hii ya Meru, Sekei ikiwemo. Ni wakulima, na lugha yao ni Kimaa. Katika picha wanakuja kama kundi, wanacheza, wanaondoka. Tena ile rangi nyeusi ina historia mbaya. Ramsa ya muziki ya Marekani ilikulia katika maonyesho ambamo Wazungu walijipaka masizi ili kuwaigiza na kuwacheka watu weusi. Al Jolson alijipaka mwaka 1927 katika "The Jazz Singer". Bing Crosby huyo huyo wa Zanzibar alijipaka mwaka 1942 katika "Holiday Inn". Mtazamaji wa Marekani akimwona Martinelli na uso mweusi, alikuwa ameshafundishwa kwamba hapo ndipo mahali pa kucheka.

Lakini sikiliza lile jina. Kwetu mwanamke akipata mtoto, jina lake la ujana linawekwa pembeni. Anaitwa Mama Neema, Mama Baraka. Ni cheo. Anayemwita hivyo anamheshimu, na pia anamkumbusha wajibu. Kumwita msichana huyu Mama Tembo ni kusema: umelea, basi tunakuhesabu miongoni mwa mama zetu, ingawa watoto wako wana mikonga. Hapo pana heshima na pana kichekesho, vyote kwa pamoja, bila kimoja kukifukuza kingine. Huo ni utani mtupu, bwana! Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukupa jina la kukuchekesha na ukalipokea kwa furaha.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo picha inapoponyoka mikononi mwa wenyewe. Kwa saa mbili na nusu Wazungu ndio wanaopeana majina: Pockets, Chips, Dallas. Mara hii tu wenyeji wanatoa jina, na jina lao linashinda. Mtazamaji anayejua Kiswahili anacheka kwa sababu moja na mtazamaji wa Chicago kwa sababu nyingine. Huyu wa Chicago anacheka kwa kuwa Dallas amefanana na "wao". Sisi tunacheka kwa kuwa Dallas ameitwa kwa heshima ya nyumbani, na hana habari ni kubwa kiasi gani.

Naomba nisieleweke vibaya. Zamu moja haifuti saa mbili za kunyamazishwa. Tena jina lenyewe ni la Kiswahili, si la Kimaa, kwa hiyo hata hapo Mwarusha hakusema kwa lugha yake. Lakini mhakiki asiyeona mlango uliofunguka hata kidogo atakuwa anasoma itikadi, hasomi kazi ya sanaa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kati ya Zanzibar ya studio ya 1941 na Momella ya kweli ya 1960 kilichobadilika ni mandhari. Mgawanyo wa kicheko ulibaki: Wazungu wana utani wao kwa wao, wenyeji wana ngoma na mizigo. Kamera kufika mahali hakutoshi. Watu wa mahali hapo wapewe maneno, na wapewe zamu.

Picha yenyewe imeacha alama. Hardy Krüger alinunua shamba Momella baada ya kazi ile akaishi huko miaka kadhaa. Alifariki mwaka 2022. Mahali alipoishi sasa ni hoteli ya kitalii iitwayo Hatari Lodge. Mgeni anayekuja leo anasimuliwa habari za John Wayne kabla hajasikia jina la Kirilo Japhet, kama atalisikia.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunapenda kulalamika kwamba tumesawiriwa vibaya. Malalamiko yetu ni ya haki, lakini hayatoshi. Kijana wa Momella au Ngarenanyuki aliyekuwa na miaka 20 wakati kamera zilipofika, leo amepita 80. Wako waliofukuza wanyama nyuma ya yale magari, waliobeba vyombo, waliokamua mbuzi, waliocheza ile ngoma. Hawa wana upande wao wa kicheko: walimwonaje Wayne, walimpa jina gani kwa siri, walilipwaje, walicheka nini usiku Wazungu walipolala? Hiyo ndiyo zamu ya mtani ambayo haijachukuliwa. Kila likizo tunawaandikia walimu wetu kazi za kukusanya ngano na methali. Napendekeza likizo ijayo wenye kutoka upande huu wa Meru twende na daftari, au hata simu ya kurekodia, tukawaulize wazee hawa. Tukichelewa, simulizi pekee itakayobaki kuhusu Momella ya mwaka ule itakuwa ile ya Paramount.